Filister Hakwenda Kawangware

Annet alimkuta Filister kwenye karai, Ijumaa Kuu saa tisa mchana, mafuta yakichemka na wateja watatu wakingoja samaki. Wawili hao hawakuwa wamewahi kuonana. Annet alikuwa msichana wa Kiluhya wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, leso imefungwa juu ya sketi na viatu vimejaa vumbi la njiani. Alisimama kando mpaka mteja wa mwisho akafungiwa samaki wake kwenye gazeti, kisha akauliza, "Wewe ndio Mama Celine?"

"Ndio mimi."

"Naitwa Annet. Natoka Kawangware. Celine alikuwa anakaa kwangu." Akakaza leso kiunoni. "Aliaga jana asubuhi. Tumempeleka mochari."

Filister alibaki ameshika mwiko wa kugeuzia samaki. Alitazama kushoto, ambako Rahab, jirani yake na mwenzake kanisani, alikuwa akipanga nyanya juu ya gunia. Halafu akainama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

Annet alimwangalia yule mama kama mtu anayeona kwa macho yake jambo aliloambiwa zamani akakataa kuliamini.

"Nimesema mtoto wako amekufa," alisema, na safari hii sauti ilifika kwa Rahab na kumpita.

Rahab aliacha nyanya zikabingirika. Akaja mbio, akamshika Filister mabegani, na vilio vikaanza pale pale kando ya njia, vya Rahab kwanza, kisha vya wanawake wengine wa Kambi Muru, mtaa wao wa Kibera, waliotoka milangoni. Filister naye alilia. Lakini katikati ya kulia alijua kwamba neno lake la kwanza juu ya kifo cha mwanawe lilikuwa lile alilolisema, na kwamba msichana mmoja mwenye leso alikuwa amelisikia.

Filister Amondi alikuja Nairobi na mumewe kutoka Nyakach. Mume alikufa mapema, akamwachia binti mmoja na chumba kimoja cha udongo. Binti huyo alimlea kwa mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, ambayo nyama yake imekatwa ikasafirishwa Ulaya, na kilichobaki, kichwa na uti, kikaletwa Kibera kikaangwe. Mbali na samaki, alikuwa na kanisa. Lilikuwa kanisa la mabati, benchi kumi na mbili na ngoma mbili, na yeye ndiye mwenyekiti wa kina mama. Miaka ile haikupita wiki bila matanga, na popote palipokuwa na jeneza Filister ndiye aliyeanzisha nyimbo, kwa sauti nzito isiyotetemeka. Angemshika mfiwa mikono yote miwili na kumwambia, "Usilie sana. Amelala tu. Utamwona tena kwa macho yako." Aliwaambia hivyo watu hamsini au zaidi. Walimpenda kwa hilo. Walisema Mama Celine akikuzikia mtu wako, moyo unatulia.

Celine alifanya kazi ya nyumba kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, akirudi kwa mama yake kila Jumapili. Mwezi wa nane wa mwaka wa tisini na tano alirudi siku ya Jumatano, na nguo zake zote kwenye mfuko mmoja. Alikuwa amekonda, na mdomo wake ulikuwa na vidonda. Mama wa nyumba aliyofanyia kazi alikuwa amemwambia asiguse tena vyombo vya watoto. Filister hakuhitaji kuelezwa. Alikwisha kuwaimbia wengi wa namna hiyo.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Khamala alihubiri juu ya ugonjwa ule. Hakuutaja jina, maana hakuna aliyeutaja. Alisema Mungu ana fimbo yake, na nyumba inayoficha uchafu itachapwa pamoja na uchafu wake. Celine alikuwa ameketi benchi la tatu. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye walisogea.

Haikupita hata wiki mbili, Filister akamwambia binti yake atafute mahali pengine pa kukaa. Hakumfukuza kwa kelele, na pengine kelele zingekuwa afadhali. Alikuwa anakunja shuka, na hakuinua macho.

"Hapa watu wanaongea sana. Enda ukae kwa rafiki yako mpaka upate nafuu. Nitakuja kukuona."

"Nafuu gani, mama?" Celine aliuliza.

Filister aliendelea kukunja shuka.

Baada ya hapo Celine alituma mtu mara mbili. Mara ya kwanza Filister alimrudisha mjumbe na sukari, sabuni na salamu. Mara ya pili, mwezi wa pili, ujumbe ulikuwa mfupi: mama aje. Filister alisema Kawangware ni mbali na samaki hawawezi kungoja.

Jioni ya Ijumaa Kuu Mchungaji Khamala alikuja kumwona. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole akiwa nje ya mimbari, fundi wa viatu siku za kazi, vidole vyake vyeusi kwa gundi. Aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwamo na kumshika Filister mkono.

"Ofisi zimefungwa mpaka Jumanne kwa sababu ya sikukuu," alisema. "Tutamzika Jumanne, kimya kimya. Tukiulizwa, tutasema ilikuwa kifua."

"Na Jumapili?"

"Jumapili utaongoza kina mama kama kila mwaka. Itakuwa ushuhuda mkubwa, Mama Celine. Watu wamwone mama aliyefiwa akitangaza kwamba Bwana amefufuka. Unajua, kama Yesu bado yuko kaburini, sisi ni wajinga tu, tufunge kanisa turudi kushona viatu. Lakini hayuko. Ndio maana wewe unaweza kusimama."

Filister alikubali. Alizoea kukubali, na maneno yale yalikuwa yake pia, alikuwa ameyatumia mara nyingi.

Kesho yake aliamkia kibanda cha simu na kuongea na shemeji yake Oloo, kule nyumbani Nyakach. Oloo alisema pole, kisha akasema msichana mzima asiyeolewa hazikwi ndani ya boma, huzikwa nje ya ua, na yeye hataki kaburi la namna hiyo limtazame kila asubuhi akienda shambani. Mzikeni huko huko. Kwa hiyo ikawa makaburi ya Lang'ata.

Kutoka pale kwenye simu Filister alikwenda Kawangware, kuchukua nguo ya kumvalisha maiti. Alikwenda kwa miguu. Akapanda kuelekea barabara ya Ngong, akafika Dagoretti Corner, akashika Naivasha Road, akiuliza njia kwa wauza mitumba. Alipofika kwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikokaa Annet aliuliza saa kwa mama mmoja aliyekuwa anachota maji mferejini. Alikuwa ametembea saa moja na robo. Alimwomba yule mama aangalie tena, akaangalia tena, ikawa ni hivyo hivyo.

Saa moja na robo. Miezi minane hakuwa amekwenda, eti ni mbali.

Chumba cha Annet kilikuwa cha mabati, na kitanda kimoja, godoro limetolewa nje kuanikwa. Katikati ya godoro palikuwa na doa ambalo sabuni haikulitoa. Annet alikuwa anafulia watu nguo Lavington, na mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko. Hakumkaribisha Filister kuketi, wala hakumzuia alipoketi.

"Gauni ni hili," alisema. "La bluu. Litakuwa kubwa, lakini hana lingine."

Filister alilipokea, akaliweka magotini. "Aliteseka?"

"Unataka nikuambie hapana?"

"Niambie ukweli."

"Mgongo wake ulikuwa umeisha. Nilikuwa namgeuza, analia, nangoja anyamaze, namgeuza tena. Mdomo ulijaa vidonda mpaka kooni. Wiki ya mwisho hata uji ulishindwa kupita. Kuongea pia ilikuwa shida, nilikuwa naweka sikio hapa," Annet akagusa midomo yake, "ndio nisikie."

"Alikuwa anaomba?"

"Kunishinda mimi." Annet alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. "Alikuwa anasema huu mwili umemwaibisha, lakini Yesu atamrudishia. Huu huu, si mwingine. Nikamwambia, si afadhali upewe mpya? Akasema hapana, anataka huu wake, lakini mdomo ukiwa mzima. Kila mara ilikuwa mdomo. Mdomo ukiwa mzima."

Nje mtu alicheka, na ndoo ikagonga mfereji.

"Na juu yangu?" Filister aliuliza. "Alisema nini juu yangu?"

"Kwanza alikuwa anauliza kama umekuja. Halafu akaacha kuuliza. Jumatano ndio alisema, mwambie mama tutaonana."

Filister aliinua kichwa. "Alisema hivyo? Tutaonana?"

"Ndio hivyo."

"Alisemaje? Alikuwa na hasira, ama alikuwa... alisema kwa upole?"

"Sijui."

"Si ulikuwa umeweka sikio hapo?"

"Mama, mtu akiwa hana mate mdomoni huwezi kujua kama amekasirika!" Annet aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Ungekuja ungesikia mwenyewe."

Filister alirudi kwa njia ile ile, gauni limekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Njia nzima aliligeuza neno lile. Lilikuwa neno la kila siku, watu huliachiana mlangoni bila kulifikiria. Mtu anayekupenda hulisema. Na mtu mliyegombana naye, anayekwenda kumtafuta chifu, hulisema vile vile. Alijaribu kulisikia kwa sauti ya Celine, upande huu na upande ule, na pande zote mbili sauti ilikuwa ya Celine kweli.

Alipofika barabara ya Ngong wazo moja lilimjia ambalo hakuwahi kuwa nalo katika miaka yote ya kuimbia wafu. Ingekuwa rahisi kama hakuna kufufuka. Celine angekuwa ameoza, basi, na yaliyotokea Kambi Muru yangeoza pamoja naye. Hakuna ambaye angekuja kuuliza kitu. Alilishika wazo hilo hatua kama ishirini, likampa nafuu kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akaona kwamba kama ni hivyo, basi hata neno moja la kumwomba msamaha hataweza kumwambia, leo wala milele, na kwamba msichana yule alikufa akiungojea mdomo ambao hautakuja. Akasimama kando ya barabara. Hakuweza kulibeba hilo. Wala lile lingine, la kukutana naye, hakuweza.

Jumapili ya Pasaka, saa kumi na mbili asubuhi, waumini walitoka na ngoma kuzunguka Kambi Muru, kina mama mbele na vitambaa vyeupe kichwani. Waliporudi kwenye mlango wa kanisa walisimama, kama ilivyokuwa kila mwaka, wamngoje mwenyekiti aite mara tatu kwamba Bwana amefufuka, nao waitikie, ndipo waingie.

Filister alipanda kwenye jiwe la mlangoni. "Bwana amefufuka!"

"Amefufuka kweli!"

Alivuta pumzi kuita mara ya pili, na haikutoka. Watu walingoja. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa huruma.

"Celine hakufa kwa kifua," Filister alisema. "Msidanganywe. Alikufa kwa ukimwi."

Ngoma iliyokuwa inagongwa polepole ilinyamaza.

"Na hakwenda Kawangware kwa kupenda. Mimi ndio nilimtoa. Niliogopa mtaninyang'anya kiti hiki. Alinitumia mtu nije, sikwenda. Ni saa moja na robo kwa miguu."

"Mama Celine," Mchungaji Khamala alisema, akija mbele, "umechoka. Shuka uketi."

"Sijachoka. Nataka kukuuliza kitu, Mchungaji. Unaamini atafufuka?"

"Naamini."

"Yeye mwenyewe? Na mwili wake?"

"Na mwili wake. Ndio imani yetu."

"Na mdomo wake?"

Khamala alitazama watu, akamtazama tena. "Mwili wote, mama. Mdomo pia."

"Basi akikuuliza juu ya ile fimbo ya Mungu, utamjibu nini? Maana alikuwa benchi la tatu. Alisikia."

Pale nyuma mtu alianzisha wimbo, wa haraka, na ngoma zikaudaka kwa shukrani, na watu wakaanza kuingia kanisani wakimpita Filister pande zote mbili. Hakuna aliyemgusa.

Rahab peke yake alisimama. Miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mwanawe Billy, aliyegongwa na lori, na Filister ndiye aliyemshika mikono siku ile. Sasa uso wake ulikuwa umekauka.

"Niambie," alisema. "Uliponiambia nitamwona Billy, ulikuwa unanidanganya?"

"Hapana."

"Sema ukweli. Ama ilikuwa kama peremende ya kunyamazisha mtoto?"

"Nilikupa kama peremende," Filister alisema. "Lakini ni kweli. Ndio shida yangu, Rahab. Ni kweli."

Jumanne mvua ilinyesha. Kule Lang'ata udongo mwekundu ulishika viatu, na wachimbaji walikuwa wamefunika shimo kwa bati. Waliokuja hawakufika kumi: Annet na wanawake watatu wa ploti yake, Rahab, wachuuzi wawili wa samaki. Kina mama wa kanisa hawakuja. Walikuwa wamekutana Jumatatu na kuchagua mwenyekiti mwingine.

Mchungaji Khamala alifika kwa kuchelewa, peke yake, koti limelowa. Filister hakuwa amemtarajia. Mchungaji alisimama kwenye ukingo wa kaburi, akatoa kitabu chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Nimezika watu miaka sita," alisema. "Kila mara nasema watafufuka. Nasema vizuri, watu wanapata nguvu. Sikuwahi kufikiria kwamba wakifufuka watakuwa na la kusema." Akapangusa maji usoni. "Celine, nilikukosea. Nasema hapa kwa sababu pengine unasikia, pengine husikii. Siku ile utasikia. Nitarudia."

Hakuna aliyesema amina. Annet alikuwa ametazama kando.

"Ungesema hayo mwezi wa nane," Filister alimwambia mchungaji.

"Ndiyo."

"Mimi pia."

Waliteremsha jeneza kwa kamba. Watu walingoja Filister aanzishe wimbo, kwa mazoea tu, na yeye hakuanzisha. Wachimbaji walijaza shimo haraka kwa sababu ya mvua. Mazishi mengine yalikuwa yanangoja, watu wao wamesimama chini ya miti na jeneza lao juu ya gari.

Njiani kuelekea lango Filister alimfikia Annet. "Naweza kuja kwako? Jumamosi?"

"Kufanya nini?"

"Sijui. Kukusaidia kufua. Kukaa tu."

"Kitanda ni kile kile," Annet alisema. "Nalala hapo. Sitaki ukikalie." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mkatili, ila alikuwa amechoka mpaka mifupani, aliongeza, "Sina chuki na wewe, mama. Lakini mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Usinijie kwa hilo. Msubiri mwenyewe."

Akawafuata wenzake. Filister aliwaangalia mpaka walipovuka barabara.

Hakuacha kanisa, ingawa wengi walitegemea aache, na wengine walilitaka hilo. Kila Jumapili alikuja na kuketi benchi la nyuma, karibu na mlango, bila kitambaa cheupe. Kwenye matanga hakuitwa tena. Watu walisema Mama Celine ameharibikiwa, huwezi kumweka mbele ya mfiwa, huenda akasema lolote. Na ni kweli, huenda angesema.

Katika ibada yao palikuwa na mahali ambapo kanisa zima husimama na kukiri imani kwa sauti moja, na kuelekea mwisho hufika pale pa kusema kwamba miili ya wafu itafufuka. Watu husema kwa haraka, pumzi moja, kwa sababu baada ya hapo wanaketi. Filister alikuwa hawezi tena kwenda na mwendo wao. Alifika hapo akiwa amechelewa, neno moja moja, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Wenzake walikuwa wamekwisha kuketi, mabenchi yametulia, Mchungaji Khamala amesimama mbele akimngoja bila kumharakisha, na sauti ile nzito ya matanga, ambayo sasa ilitetemeka, ilibaki peke yake ndani ya mabati ikimalizia.